Kakiwanja kando ya Lami

Siku ya kumwaga zege, ofisi ya wasanifu majengo iliyoko juu ya duka la rangi hubaki tupu. Bosi, wachoraji, hata dada wa mapokezi, wote huvaa kofia ngumu na kwenda saiti kuhakikisha mafundi hawaibi nondo. Ofisini hubaki mlinzi na redio yake. Bwana Laini alipoligundua hilo, alisimama ng'ambo ya barabara akatabasamu peke yake mpaka mwenye duka la rangi akamwonea huruma.

Jina la Laini hakupewa na wazazi. Alipewa na watu aliowahi kuwauzia vitu, na baadhi yao bado wanamtafuta. Lakini safari hii, jamani, tumtendee haki: mtu alikuwa amependa. Alimpenda mshona nguo wa mtaa wa pili mpaka usingizi ukampaa. Tatizo ni baba wa binti, mwashi mwenye viganja vigumu na maneno machache.

"Umeniambia wewe ni msanifu majengo," mzee alisema. "Vizuri. Jumamosi nionyeshe kiwanja utakapomjengea mwanangu. Huna kiwanja, huna mke."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na zege lilikuwa linamwagwa. Laini akapanda ngazi, akampa mlinzi betri mpya za redio na habari kwamba yeye ni mshauri kutoka makao makuu. Kampuni haina makao mengine, ila betri zilikuwa za kweli. Akaketi kwenye kiti cha bosi, akachomeka penseli sikioni, akasubiri mtu mwenye kiwanja kikubwa na akili ndogo.

Hazikupita dakika ishirini, akaingia mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, karatasi ndefu imeviringishwa kwapani.

"Karibu, mama, karibu sana! Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye msanifu?"

"Mama, nusu ya mji huu imetoka kwenye penseli hii."

"Na nusu nyingine?"

"Ile mijumba mibaya mibaya? Walichora wengine."

Mama akacheka mpaka miwani ikaruka. "Basi nimefika. Nina kakiwanja kangu, kando ya barabara ya lami. Nataka kujua kama kanafaa kujenga."

Laini akaikunjua ramani. Mstatili safi, upande mmoja umeandikwa 4200, upande wa pili 3000. Basi. Mita elfu nne na mia mbili kwa elfu tatu! Eti kakiwanja! Laini alipiga hesabu akaona kutoka chumbani hadi jikoni mtu atahitaji baiskeli. Mate yakamjaa mdomoni, akayameza kwa heshima. Naomba usimcheke mapema. Tamaa ikishapanda kichwani, mtu haulizi mji mzima umeingiaje kwenye karatasi moja.

Akavaa uso wa msiba. "Pole sana, mama."

"Kuna nini tena?"

"Udongo. Udongo wa huko unahema."

"Unahema?"

"Usiku na mchana. Ukijenga leo, kesho mlango umehamia dirishani."

"Mungu wangu! Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Nakuonea huruma tu. Mimi nina mitambo ya kuutuliza. Nipe hicho kiwanja, nikupe gari langu. Lile la rangi ya krimu pale chini."

Mama akasogea dirishani, akalitazama. "Breki zinashika?"

"Zinashika mpaka unaogopa."

"Na kiwanja utakichukua kama kilivyo? Usije ukasema nilikudanganya."

"Kama kilivyo kwenye ramani, mama. Nukta kwa nukta."

Wakaandikishana kwa wakili wa jengo la jirani. Mama akaondoka na gari bila kukwaruza gia hata moja. Laini akacheza peke yake kwenye ngazi.

Jumamosi akamwambia mwashi avae buti, maana kukizunguka kiwanja ni kazi ya nusu siku. Mshona nguo akabeba maji ya kunywa. Walipofika, kati ya gereji na duka la magodoro palikuwa na kipande cha ardhi chenye vigingi vinne vya zege.

"Hapa ndipo kinapoanzia," Laini alisema.

Mwashi akaitazama ramani, akatoa futi kamba, akapima. "Na hapa ndipo kinapoishia. Mita nne na sentimita ishirini kwa mita tatu. Sawasawa kabisa."

"Sawasawa vipi, baba? Imeandikwa elfu nne!"

"Milimita." Mzee alimtazama machoni. "Ramani za majengo huandikwa kwa milimita. Kibarua wa siku ya kwanza anajua. Msanifu gani hajui?"

Uongo wa aina tatu ulimjia mdomoni, wote mzuri, lakini mshona nguo alikuwa anamtazama.

"Mimi si msanifu, baba," akasema. Iliuma.

Hapo gari la krimu likaegeshwa, akashuka yule mama.

"Shangazi!" mshona nguo akaita.

Laini akageuka kumtazama mama, kisha binti.

"Miaka thelathini nilichora ramani kwenye ofisi ile kabla ya kustaafu," shangazi alisema. "Kaka akaniomba niende pale nikamuulizie bwana harusi. Nikamkuta kwenye kiti cha bosi! Nikamwambia kakiwanja, yeye akasikia ufalme."

Mshona nguo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akapima ardhi kwa hatua, taratibu.

"Cherehani inaenea hapa," alisema. "Na meza ya kukatia. Laini, hiki kiwanja kiandikwe jina langu."

"Na harusi?" Sauti yake haikuwa laini hata kidogo.

"Nijengee kibanda changu, kwa mikono yako, baba akikusimamia. Ukifika kwenye paa, tutaongea."

Mwashi akamnyooshea sururu. Laini alivua koti, akaanza kuchimba msingi na viatu vyake vya kung'aa miguuni.