Tanki la Mtaa Limejaa Asilimia Mia

Inatangazwa kwa umma wote wa Voi, Mwatate, Wundanyi, Taveta na viunga vyake kwamba, kuanzia saa mbili asubuhi ya Jumatatu, tarehe tano Agosti 1996, wilaya imeacha kubahatisha.

Maneno hayo aliyatamka Bwana Wanyonyi, Mratibu wa Mradi wa Vyombo Vyenye Akili, akiwa amesimama juu ya Land Rover na kipaza sauti mkononi. Aliyarudia mara tatu, maana mara ya kwanza walikuwapo mbuzi tu. Zamani, alieleza, ukitaka kujua jambo ulimwuliza mtu. Na mtu ana njaa, ana shemeji, ana kinyongo na jirani. Chombo hakina shemeji. Ndiyo sababu Katibu wa Kudumu mwenyewe, kutoka Nairobi, alikuwa ametoa Waraka Namba Saba: taarifa yoyote itokayo kinywani mwa binadamu isipokelewe ofisini.

Wanyonyi aliuamini waraka huo kwa moyo wote. Alikuwa ametoka Bungoma akiwa karani wa kawaida, na sasa alikuwa na suti mbili na mlingoti wa redio. Akifanya vizuri Voi angehamishiwa Nairobi, kwenye ofisi yenye zulia. Hilo zulia alikuwa akiliota mchana kweupe.

Vyombo hivyo, vya kupima na kuhesabu, vilifungwa kila mahali, na vyote vilituma habari kwa redio hadi kwenye kompyuta moja iliyokaa ofisini chini ya kitambaa cha kufuma. Alice, karani aliyepelekwa kozi ya wiki mbili Mombasa, aliifunua saa mbili asubuhi na kuifunika saa kumi na moja jioni. Mambo yaliyotokea katikati ya saa hizo ndiyo yaliyotokea wilayani.

Matunda yalionekana upesi. Mabehewa ya reli yalifungwa vyombo ili ijulikane yako wapi, ikajulikana kwamba mabehewa kumi na moja hayajaondoka Voi kwa miaka saba. Kila mpita njia alijua hivyo, kwani kuku walikuwa wakitagia humo, lakini sasa lilikuwa jambo rasmi. Kwenye shamba la mkonge wafanyakazi walivishwa vyombo vya kuhesabu mkono umeinuka mara ngapi. Walipogundua kuwa hata mkono wa kufukuza nzi unahesabiwa, kazi ilipanda maradufu na mkonge ukabaki umesimama shambani. Huko Wusi, chombo cha kupima unyevu wa udongo kilichimbiwa chini nyuma ya jiko la Wakesho, pale pale anapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Wanyonyi akatangaza kwamba ukame wa Wusi umekwisha, na magunia ya mahindi ya msaada yakapelekwa kwingine.

Kishushe ndiko kulikomfurahisha zaidi. Fahali wa ranchi alifungwa kola yenye redio. Mchungaji wake aliona kola inamkera mnyama, akaivua na kuifunga kwenye baiskeli yake. Wanyonyi akaandika kurasa nne kuhusu fahali ambaye kila Jumamosi huenda sokoni, hupumzika kilabuni saa sita nzima, kisha hurudi nyumbani kwa mwendo usionyooka. Alipendekeza utafiti wa kina.

Basi mambo yalikuwa yakienda hivyo, vizuri kabisa, mpaka alipoingia Umi.

Umi alikuwa mama wa makamo aliyeuza mahamri nyuma ya stesheni. Alibisha hodi, akakaa bila kuombwa, akaweka mtungi mtupu miguuni.

"Mwanangu," akasema, "mkaza mwanangu Safaa amejifungua, leo siku ya kumi na mbili. Mzazi kwetu hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni mpaka arobaini itimie. Bomba la mtaa halitoi hata tone, siku ya tisa hii. Tuletee lile lori la maji."

Wanyonyi alitabasamu kwa subira. Lori la maji lilikuwapo kweli, limeegeshwa nje, limejaa, na dereva wake Wanjala amelala ndani. Lakini kwa mujibu wa mradi, halikuruhusiwa kuwasha injini mpaka kompyuta iseme tanki la mtaa liko chini ya asilimia ishirini.

"Alice, hebu funua."

Alice akafunua. "Tanki la mtaa, asilimia mia, boss."

"Umesikia, mama? Limejaa."

Umi aliitazama kompyuta kwa makini, kama mtu anayetazama samaki sokoni. "Na hiyo asilimia mia, naweza kuteka ndoo moja?"

"Mama, tafadhali usilete siasa hapa."

"Siasa? Mtoto ana harara mwili mzima, mamake ana homa tangu jana. Njoo basi uyaone hayo mabomba kwa macho yako!"

"Macho yangu ni ya binadamu," Wanyonyi alimjibu kwa upole, "na waraka hauyatambui."

Umi aliinuka, akashika mtungi wake. Alikuwa na hasira ya kutosha kuvunja kile kidirisha cha kompyuta, na alikuwa na hofu zaidi ya hasira. Tangu siku hiyo aliamka alfajiri kwenda kuchimba mchanga kwenye mto mkavu, akisubiri maji yachuruzike kikombe kwa kikombe, mpaka yatimie ya kumkanda mzazi. Wanyonyi hakuwa na taabu hiyo. Nyumbani kwake aliletewa pipa kila Jumatano kutoka shamba la mkonge, kwa kuwa kwake hakukufungwa chombo.

Siku tatu baadaye zikaja habari njema. Katibu wa Kudumu angekuja Jumanne kuzindua mradi rasmi. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Kitambaa cha kompyuta kikafuliwa, sijui kwa maji ya wapi.

Mkubwa alifika saa sita mchana akitokea Kishushe, alikokwenda kumwona fahali. Vumbi jekundu lilikuwa limemwingia masikioni, puani na kwenye nyusi. Alifikishwa kwenye nyumba ya wageni ya serikali nyuma ya stesheni, akaagiza gari liende Wundanyi kumchukua DC, mkuu wa wilaya, akaingia kuoga. Bomba lilitoa maji kidogo yaliyokuwa yamesalia ndani. Akajilowanisha, akajipaka sabuni kuanzia utosini hadi nyayoni, povu likamea. Alipofungua tena, bomba lilikohoa likanyamaza.

"Wanyonyi!"

Wanyonyi, aliyekuwa mlangoni na taulo, alisikia, akatoka mbio hadi ofisini, akasoma, akarudi akihema.

"Mheshimiwa, nimehakikisha. Maji yapo. Asilimia mia."

"Wanyonyi, wewe ni mzima? Mimi ndiye niliye huku ndani! Hakuna maji! Macho yananiwaka!"

"Nakusikia, Mheshimiwa. Shida ni kwamba hiyo ni taarifa ya kinywa. Waraka Namba Saba."

Kilichosemwa baadaye na Katibu wa Kudumu hakiwezi kuandikwa, lakini Wanyonyi alielewa kwamba zulia linamponyoka. Alikimbilia nyumbani kwake. Ilikuwa Jumanne, na pipa la Jumatano lina tabia ya kwisha Jumatatu. Akakimbilia kwa jirani wa nyumba ya wageni, naye jirani huyo alikuwa Umi, ameinamia sufuria inayofuka mvuke uani.

"Mama, nakuomba hayo maji! Mkubwa ana sabuni machoni!"

"Haya ni ya mzazi."

"Hata nusu tu, mama. Ni Katibu wa Kudumu!"

"Naye Safaa ni mzazi wa siku kumi na tisa," Umi akasema, bila kuinua kichwa. "Kwani tanki si limejaa? Panda ukateke."

Wanyonyi hakuwa na jingine la kufanya, akapanda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuligusa tanki hilo. Nzioka, mlinzi wa tanki, mzee wa Kikamba mwenye koti la jeshi, alimshikia ngazi. Juu, mfuniko ulipofunuliwa, Wanyonyi aliona chini sakafu kavu yenye mjusi. Na karibu kabisa na pua yake aliona boya la chombo, lile linalopaswa kuelea juu ya maji na kushuka nayo, limefungwa kwa kamba ya katani kwenye ukingo wa juu. Lilikuwa limevikwa mfuko wa plastiki safi.

"Nzioka! Nani alifunga hiki kitu huku juu?"

"Ni mimi, mkubwa," Nzioka akajibu kwa fahari. "Iko salama. Hakuna tone imegusa."

"Lakini kazi yake ni kukaa ndani ya maji!"

Nzioka alitoa kifuani karatasi iliyokunjwa mara nane. "Hapana, mkubwa. Barua ilisema. Mtoto wangu alinisomea mara mbili, halafu pasta akanisomea tena."

Ulikuwa Waraka Namba Nane, wenye mhuri. Vyombo vyote vya mradi, ulisema, ni mali ya serikali. Visiguswe na maji wala vumbi. Mlinzi atakayeruhusu chombo kulowa atafutwa kazi bila malipo ya uzeeni. Maneno ya maji na vumbi yalikuwa yamenakiliwa neno kwa neno kutoka kijitabu cha kompyuta. Nzioka alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Chini kabisa palikuwa na sahihi ya Katibu wa Kudumu, kubwa, yenye mkia.

Wanyonyi aliupeleka waraka hadi mlango wa bafu, akausoma kwa sauti pamoja na tarehe.

"Shusheni hilo boya," sauti ikasema kutoka ndani, na ilikuwa imepungua.

"Nzioka anasema hashushi bila maandishi, Mheshimiwa. Ana pensheni."

Karatasi ikapitishwa chini ya mlango, na kalamu. Ikarudi imelowa povu. Nzioka akaipeleka kwa pasta ili asomewe. Pasta alikuwa mazishini Chawia. Akamngojea. Saa kumi kasoro boya likashushwa, Alice akafunua kitambaa akaona sifuri, na Wanjala akaamshwa.

Lori liliingia mtaani likipiga honi. Wanawake walitoka kila mlango na ndoo, mitungi na sufuria, na kabla breki hazijakamata foleni ilikuwa imefika hadi reli. Mpira wa kumwagia maji wa lori haukuweza kufika nyumba ya wageni, Wanjala alieleza. Anayetaka maji aje na chombo chake.

Katibu wa Kudumu alitoka mwenyewe. Povu lilikuwa limemkaukia mwilini likapasuka pasuka, jicho moja limefumba, kiunoni ana taulo la serikali na mkononi beseni. Hakuna aliyemtambua. Alitembea moja kwa moja mpaka mbele, ambako Umi alikuwa akijaza mtungi wake wa tatu.

"Mama, nipishe kidogo. Mimi ndiye niliyeagiza lori hili."

Umi alimtazama kuanzia utosini hadi taulo. Hakumcheka. Alikuwa amechoka mno.

"Ulichelewa kuliagiza, baba," akasema. "Nenda nyuma."

Mkubwa aliwatazama wanawake wote wale waliokuwa wakimtazama, na mitungi yao, na mikono yao iliyochubuka kwa mchanga wa mto. Akavuta taulo lake, akaanza safari ndefu ya kurudi nyuma ya foleni. Alimpita Alice, aliyefunga ofisi mapema na kuja na ndoo mbili. Alimpita Nzioka. Wanyonyi alikuwa wa mwisho kabisa, naye alimwekea nafasi nyuma yake.