Swali la Paka Kwenye Duka la Donati

Jumatatu, 5 Aprili 1999

Van Nuys. Jua kali, na mimi na kofia ya manyoya. Ni Kanuni ya Tausi: vaa kitu ambacho mwanamke hawezi kujifanya hajakiona. Wakubwa wa kundi letu la intaneti ndio walioiandika, na wao wanajua. Tuko wanaume mia nne na ushee, kazi yetu kujifunza kutongoza kwa utaalamu, kila mmoja na jina lake la vita. Mimi ni Mwewe. Kazini, kwenye karakana ya mashine za fotokopi, bado naitwa Wendell, lakini hilo ni la muda tu.

Mlengwa: Channary Prak, anauza donati kwenye duka la mama yake, barabara ya Sherman Way. Miezi minane nanunua pale. Miezi minane sijasema neno zaidi ya "ya sukari, tafadhali". Nampenda. Basi, nimeshaandika.

Kuna Kanuni ya Sekunde Tatu. Ukimwona, mwanzie maneno kabla sekunde tatu hazijaisha, la sivyo woga unakushika. Leo sekunde zangu zote tatu ziliishia kwenye kofia iliyonasa mlangoni. Nikaanza Swali la Paka, nililolitunga mwenyewe: rafiki yangu ameachana na mchumba wake, wana paka mmoja, je, nani abaki naye? Mwanamke anatoa maoni, mazungumzo yananoga, mambo yanajipa. Jasho likaniingia machoni. Nikafika kwenye "rafiki yangu ame..." nikamalizia na ya sukari, tafadhali. Akanipa. Akaniuliza kama naumwa.

Ameulizia hali yangu! Hiyo ni dalili ya kuvutiwa. Ipo kwenye orodha, namba sita.

Jumanne, 6 Aprili

Desturi yetu: ukitoka uwanjani, yaani kujaribu mbinu kwa mwanamke, andika ripoti. Wapi, saa ngapi, ulisema nini, akajibu nini. Asiyeandika ripoti ni mtazamaji tu. Nimeandika. Nimenyoosha kidogo, hapa na pale. Kwenye ripoti, paka amemchekesha mpaka akashika kaunta, na nimeondoka na namba yake ya simu. Namba ninayo kweli! Imechapwa kwenye boksi la donati.

Dada yangu Noreen alinyanyua simu katikati ya kutuma, laini ikakatika. Nyumba nzima tuna laini moja, ya simu na ya intaneti. Akafoka kwamba anasubiri simu ya kazi, na kwamba kama ningeongea na wanawake hata nusu ya ninavyoongea kuhusu wanawake, angeshakuwa shangazi. Mwewe habishani.

Nilituma tena baada ya saa moja, pamoja na anwani ya duka na maelekezo ya njia. Ripoti isiyo na anwani hawaiamini.

Jumatano, 7 Aprili

Sifa! Majibu thelathini na moja! Hata Daktari Sumaku ameandika, na huyo ndiye mwenye ripoti nyingi kuliko sisi wote. (Si daktari. Anatengeneza meno ya bandia huko Glendale. Lakini ana koti la ngozi.) Amesema Swali la Paka ni kazi safi, na kwamba atalijaribu mwenyewe. Nimesoma jibu lake mara nne. Mara ya tano nimemsomea Noreen. Akaongeza sauti ya televisheni.

Dukani sikwenda. Kanuni ya Kuadimika: mfanye akukumbuke.

Ijumaa, 9 Aprili

Maafa.

Nimekuta foleni mpaka nje. Wanaume watupu. Mmoja na miwani ya kuogelea, mwingine na joho la zambarau. Kofia za manyoya, mbili! Nikajipa moyo kwamba ni bahati mbaya tu. Nikafika mbele, nikavuta pumzi, nikaanza kwamba naomba maoni yake, nina rafiki yangu...

Channary akamalizia bila kuinua macho. Ameachana na mchumba, kuna paka, nani abaki naye. Akagonga kwa kidole kikaratasi kilichobandikwa kwenye kaunta: SWALI LA PAKA: ABAKI NA MWENYE NYUMBA. SASA AGIZA. Akasema mimi ni wa kumi na tisa tangu Jumatano. "Na wewe kaka umelisema hovyo. Yule wa koti la ngozi angalau alikuwa anapumua."

Nilishikwa na kihoro, nikakimbilia Kijembe. Kijembe ni tusi dogo lililofungwa ndani ya sifa, ili mwanamke ahangaike kukupendeza. Nikasema donati zake si mbaya, kwa mtu anayejifunza. Akasema anakaanga tangu ana miaka kumi na mitatu, na hilo nalo ameshalisikia, mara saba.

Mama yake, Bi Prak, anang'aa kwa furaha. Saa tatu asubuhi donati zote zimekwisha. Anauliza huyo paka anaitwa nani, maana ameleta baraka.

Sumaku alikuwa kwenye meza ya pembeni, anaandika. Akaniita, akanishika bega. "Mwewe, mdogo wangu, huyu binti wiki ijayo ni wangu. Na ramani umenichorea wewe mwenyewe. Asante sana!"

Nimeenda kukaa ndani ya gari. Ya sukari sikuimaliza.

Jumapili, 11 Aprili

Sikulala vizuri. Kila nikifumba macho naona koti la ngozi.

Noreen ameniuliza kulikoni nimenuna siku mbili. Nikamweleza yote, mpaka ile ya namba kwenye boksi. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipopata pumzi akasema kitu cha ajabu sana. Niende nikamwambie Channary ukweli.

"Ukweli wote?" nikamuuliza.

"Wote, wewe chizi. Na hiyo kofia iache hapa."

Nimepekua maandishi ya kundi tangu mwaka tisini na sita. Mbinu hiyo haipo. Hakuna mtu aliyewahi kuijaribu!

Jumanne, 13 Aprili

Saa nane mchana, duka tupu. Nilikwenda na nguo zangu za kazi. Nikamwambia swali ni langu, ripoti ni yangu, anwani niliitoa mimi, na namba ya simu ni ile ya kwenye boksi. Nikamwambia nimekuwa nikija miezi minane na donati sizipendi kiasi hicho. Sauti ilitetemeka kama ya mtoto aliyevunja dirisha.

Aliweka koleo chini. Sekunde tatu zikapita. Zikapita nyingine nyingi.

Akaniuliza, wewe mwenyewe una paka?

Nikasema sina.

Akacheka. Kwa kweli! Akashika kaunta! Akasema mimi ni mjinga, ila ni mjinga wa kwanza wiki hii kuongea naye bila kukariri. Nikauliza kuhusu Sumaku kwa mbali, kama mtu asiyejali. Akasema yule alimkodolea macho dakika nzima akisema ni nguvu ya macho, mpaka Bi Prak akamletea glasi ya maji akidhani amepatwa na kiharusi.

Kisha akasema Jumapili ni sherehe ya mwaka mpya wa jadi ya kwao, ambao huangukia Aprili, huko hekaluni kwao, na watu wa kubeba viti hawatoshi. Kama nina mgongo mzima, nije. Ila ana sharti moja. Wiki nzima watu wasiomjua wamemtumbulia macho, na hataki tena. "Usiniandike tena huko kwenye mtandao wenu, Wendell. Nakuomba."

Wendell! Analijua jina langu! Sawa, limeshonwa kwenye shati la kazi. Lakini amelisoma! Nikaapa pale pale, mkono juu.

Jumapili, 18 Aprili

Viti mia mbili na kumi. Mgongo umekwisha.

Bi Prak ameniita mwanangu mbele za watu, akanilisha samaki aliyepikwa kwa nazi ndani ya majani ya mgomba. Nilipomaliza akaniwekea mwingine bila kuniuliza. Mchana vijana walianza kupakana unga usoni, ndiyo desturi ya siku hiyo. Channary akaja moja kwa moja, akanipaka mashavu yote mawili, taratibu, kwa viganja vyake. Kisha ngoma ya kuzunguka. Mikono inapinda huku, miguu inakwenda kule, na mimi nilikuwa hatua moja nyuma kila mara. Bibi mmoja alichoka kuniangalia, akanishika kiwiko akanigeuza kama baiskeli.

Sikutumia mbinu hata moja. Nilisahau kwamba ninazo.

Tulipokuwa tunakunja viti, Channary akauliza kama Ijumaa nina nafasi, twende sinema. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Nina furaha. Sijui niandike vipi zaidi ya hivyo. Nina furaha, na unga bado uko kwenye nyusi na sitaki kunawa.

Jumatatu, 19 Aprili

Nimeamka na wazo. Furaha kama hii si haki kuificha. Wanaume mia nne wanateseka huko!

Niliapa sitamwandika Channary, na kiapo ni kiapo. Sikumtaja. Nimeandika tu "mwanamke mmoja, muuza vitafunio". Kichwa cha ripoti: Mbinu ya Kusema Kweli, kwa Hatua Saba. Hatua ya kwanza, tafuta kosa la kukiri (kama huna, tengeneza). Hatua ya tatu, sauti itetemeke. Mazoezi mbele ya kioo, dakika kumi kila asubuhi. Mimi nimeshaanza kutetemesha yangu kwa ajili ya sinema ya Ijumaa, Noreen ameuliza kama nina mafua. Hatua ya sita, viti. Hapo nimeeleza kila kitu: jina la hekalu, saa, lango la kuingilia, na bibi yupi wa kusimama karibu naye wakati wa ngoma.

Majibu hamsini na nne kabla ya chakula cha mchana. Rekodi ya kundi! Jumapili ijayo kuna shughuli nyingine hapo hapo hekaluni, na watu ishirini na wawili wameahidi kuja kubeba. Channary atafurahi mno, yeye ndiye aliyelalamika kwamba watu hawatoshi.

Sumaku ameuliza kama kuna maegesho. Nimemjibu yapo mengi.