Nilivyoikarabati Kompyuta ya Shemeji

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo nimedharauliwa mbele ya shemeji yangu. Na nani? Na Fundi Miwani, yule mtengeneza kompyuta, jirani wa duka langu. Mtaa mzima unamwita Fundi. Mimi naitwa "yule wa fotokopi". Miaka kumi na mmoja!

Ilikuwa hivi. Shemeji, mdogo wake mke wangu, mpishi wa hospitali, anakaa chumba cha uani kwetu. Ana kompyuta kuukuu ambayo Miwani aliifufua kwa kuiwekea Linux, mfumo mwepesi wa bure. Kila Jumapili saa kumi jioni anacheza gemu na binti yake wa miaka tisa, anayeishi na mama yake mji wa mbali. Wanajenga nyumba humo, kila mmoja kwenye mashine yake, huku wakiandikiana. Kwenye simu mtoto husema shikamoo, mzima, basi, kamaliza. Kwenye gemu ndiko anakofunguka.

Sasa kompyuta imechoka, picha zinakwama. Shemeji akamuuliza Miwani kama kuna dawa. Miwani akasema ipo. Programu yenye dirisha linaloorodhesha gemu zako zote, kila moja na kitufe chake. Ukibonyeza, inaingiza faili ndani ya gemu. Gemu inachora picha ndogo, lile faili linaikuza na kuisafisha, mashine inapumua. Zamani ilibidi uandike amri ndefu kwenye skrini nyeusi, sasa ni kubonyeza tu. Akamwekea palepale. Ila akaonya: ni kwa gemu za kucheza peke yako. Ile ya kujenga nyumba ni ya mtandaoni, ina mlinzi wake, programu inayokagua mafaili. Akikuta faili geni atajua umekuja kudanganya, anakufungia nje.

Nikasema mbona woga mwingi. Miwani akanijibu, taratibu kabisa, kwamba fotokopi na kompyuta ni vitu viwili. Shemeji alicheka. Kidogo, lakini alicheka.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Shemeji yuko zamu. Nimemwomba mke wangu ufunguo wa uani, nikasema nakwenda kuangalia kama dari inavuja. Akaniuliza inavuja nini na mvua haijanyesha mwezi mzima. Nikasema ndiyo maana, lazima iangaliwe mapema.

Dirisha zuri hilo! Kumbe ndilo linalompa Miwani kiburi? Juu kabisa pana kitufe: washa kwa gemu zote. Nikabonyeza. Likatokea onyo jekundu, refu kama mahubiri. Maonyo huandikwa na watu wa aina ya Miwani. Nikalipita.

Nikaifungua ile gemu ya nyumba. Loo! Majani ya miti unayahesabu. Maji yanateleza. Na mlinzi wao? Kimya, kalala. Kesho shemeji ataniita Fundi. Sijamwambia mtu, nataka ajionee.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Saa kumi kasoro dakika tano nilikuwa uani na vikombe viwili vya chai. Shemeji akawasha. Akashangaa. Akasema leo kompyuta imeamka vizuri. Nikafungua kinywa nijitaje.

Kabla sijatamka, skrini ikaandika: akaunti imefungwa kwa siku saba, mafaili ya gemu yamebadilishwa. Nikafunga kinywa.

Shemeji hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema mtoto yuko humo anamsubiri, leo walikuwa wanaezeka paa. Akampigia mama mtu, simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Na mimi ulimi wangu, sijui nani aliutuma, ukasema: si huyo Miwani! Nani aliyeweka hiyo programu? Shemeji akatikisa kichwa. Akaamini.

Nimerudi ndani na chai yangu. Sikuweza kuinywa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Shemeji kapita mbele ya Miwani bila kumsalimu. Miwani akaja dukani kuniuliza kulikoni. Nikasema huenda ana mawazo. Akasema basi nimfikishie pole zake. Aibu ikanishika mpaka nikamtolea mteja nakala thelathini badala ya tatu.

Kweli, siku saba si nyingi. Zinaisha Jumapili saa kumi kamili. Mtu mwenye akili angekaa akatulia. Lakini huyo mtoto je? Si atadhani baba yake kamtupa? Lazima mtu mzima aingilie kati. Mtu mzima ni mimi.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nayaandika yalivyokuwa.

Shemeji alikuwa kazini. Ufunguo, dari, mnajua. Nikafungua akaunti mpya kwenye kompyuta yake, jina Baba wa Kweli. Saa kumi na moja mtoto akaingia, katoka shule. Nikamwandikia kwamba mimi ni baba yake, akaunti ya zamani ni mbovu, anifungulie mlango wa nyumba yao.

Akauliza baba yake humwitaje. Sikujua! Miaka yote namsikia shemeji akimtaja, sikuwahi kusikiliza. Nikaandika: mwanangu. Halafu akaandika kwamba baba alimfundisha: mtu asiyemjua akijiita baba, asibishane naye, amripoti. Akaniripoti. Mtoto kalelewa huyo, siwezi kumlaumu.

Skrini ikaniambia akaunti hii imefungwa. Nikasema potelea mbali. Ikaendelea: na akaunti ya kwanza nayo imefungwa, kwa kuwa zote zimetoka kompyuta moja. Siku ngapi? Hakuna siku. Moja kwa moja.

Nilisoma mara nne. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshahamia, na godoro lake kaja nalo.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Jana niliwaandikia wenye gemu, kwa jina la shemeji. Nikaeleza kwamba mwizi alivunja mlango, akachezea kompyuta, akakimbia. Barua nzuri, yenye uchungu. Leo wamejibu. Wanauliza ni mwizi gani anayevunja nyumba ili aboreshe picha, kisha akairudia siku ya nne. Hawafungui.

Mke wangu ananiuliza mbona sili. Nimemwambia tumbo.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Shemeji amenyoa ndevu leo. Kavaa shati la kutokea. Mtoto hamwoni humo, wanaandikiana tu, lakini kavaa.

Saa kumi akawasha. Akasoma. Akasoma tena kwa kidole. Kisha akainuka, akasema anakwenda kwa Miwani, leo watajuana. Nikajikuta nimesimama mlangoni, nimeziba njia. Nikasema yote. Kitufe, chai, Baba wa Kweli, mwizi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Aliniuliza swali moja tu: na nyumba yao? Nikasema imekwenda na akaunti. Miaka miwili wameijenga. Rangi ya kila mlango mtoto ndiye aliyechagua. Akasema, sawa, shemeji. Akakaa kitandani na shati lake.

Baadaye alikwenda kwa Miwani kuomba radhi, yeye, ambaye hakukosa kitu. Mke wangu kaniwekea chakula, hakuniwekea neno. Mimi ni mtu mbaya? Sidhani. Ila nina mikono mibaya. Nimeapa: sigusi tena kitu cha mtu.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Mungu si Athumani! Mama wa mtoto amekubali. Kila Jumapili saa kumi, simu ya video, nusu saa, sebuleni kwetu ambako mtandao unashika. Leo ndiyo ya kwanza. Mtoto ameichora ile nyumba upya kwenye karatasi, milango yote na rangi zake, amwonyeshe baba. Shemeji hajalala kwa furaha. Asubuhi alinipa mkono, akasema yaliyopita si ndwele. Nililia, nakiri. Wiki nzima sijagusa hata rimoti.

Ila jana walipojaribu, picha ilikuwa ukungu mtupu. Uso wa mtoto ulionekana kama uji. Shemeji akasema haidhuru, mradi anamsikia. Haidhuru vipi? Mchoro wenyewe atauona kwa masikio? Baada ya yote aliyopitia, huyu anastahili kumwona mwanawe vizuri.

Amekwenda kuoga. Simu yake iko hapa mezani, haijafungwa. Saa kumi kasorobo.

Robo saa inanitosha.