Ajenti wa Roki ya Kichina

Jumanne, 12 Agosti 1997

Okeyo amekwisha! Anauza kanda za benga hapa sokoni Sosiot, eti watu wanamwita Prodyuza. Mimi nitauza roki ya Kichina. Nani mwingine anayo? Liu, makanika Mchina wa kambi ya ujenzi wa barabara, ameniazima kanda ya bendi ya ndugu yake. Anasema vijana wa Beijing walijifunza kwa kanda za ng'ambo zilizotupwa kama taka, zimekatwa ukingoni kwa msumeno. Wakaziunga kwa selotepu. Sasa wanapiga nyimbo zao wenyewe katika vyumba vya kupanga nje ya mji. Redio haiwataki, basi wanajirekodi na kupeana mkono kwa mkono. Watu wa aina yangu kabisa!

Jumatano, 13 Agosti

Mvua. Kanda tupu sina. Kwenye kopo kuna mbili tu: ya marehemu mke wangu Sally akiongoza kwaya, na ya mahubiri ya pasta. Hazina majina. La Sally nililibandua mwenyewe baada ya mazishi, maana nikiliona chai hainipiti kooni. Wala siichezi. Siwezi. Ya mahubiri ni ile nyeusi, nadhani. Nikaziba matundu yake kwa selotepu ili ikubali kurekodi, nikainakili roki ya Liu juu yake. Kazi safi!

Jioni mama mkwe alifika kutoka Merigi, akasimama nje kwa heshima ya ukwe. Aliuliza kama sauti ya mtoto wake iko tayari kwa ukumbusho wa Jumamosi. Mwaka mzima hajaisikia. Nikamwambia asiwe na shaka.

Jumamosi, 16 Agosti

Uani watu tele. Liu nyuma, Okeyo mbele kama kawaida yake. Nikaweka kanda ya Sally kwenye redio, nikabonyeza. Pasta akaanza kuhubiri fungu la kumi! Watu wakamtazama pasta, pasta akanitazama mimi. Kumbe roki niliirekodi juu ya Sally! Nikatoa kanda ya roki mfukoni, nikaiweka, nikiomba Mungu Sally awe amebaki kidogo.

Ngoma. Gitaa. Mchina anapiga mayowe karibu na kaburi la mke wangu! Okeyo akaja kuzima. Mama mkwe akamzuia, akamuuliza Liu huyo kijana analia nini. Liu akasema anamwita mtu, na mtu haitiki.

"Wacha aite," mama mkwe akasema.

Tukasikiliza yote. Gitaa liliponyamaza, Sally akatokea. "Amina." Moja tu, kisha kanda ikaisha. Nililia mbele ya Okeyo.

Jumapili, 17 Agosti

Okeyo alipita kunipa pole. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Mama mkwe amenipa kanda yake ya harusi yetu. Sally anaimba humo, anacheka. Amesema nyingine hakuna, niitunze kama mboni ya jicho. Nimeiweka kwenye kopo.

Liu ameleta bendi nyingine, kali kuliko ile ya kwanza! Okeyo asije akaniwahi. Kanda tupu sina. Lakini ile ya harusi, upande wa pili hauna kitu, nadhani. Selotepu bado iko.