Mtandao Mzima kwenye Flashi Yangu

Jumatatu, 3 Juni 2024
Shemeji Helder, mume wa mdogo wangu Tatu, kaanza vituko. Ijumaa tunachagua katibu wa chama cha wakulima wa korosho hapa Mahurunga. Cheo changu hicho, tangu tumboni! Leo kawakusanya wanachama mbele ya kompyuta yake. Hata mtandao hakufungua. Kafungua folda tu, pale anapotafutia mafaili yake, akaandika "ubwiri unga". Picha za mikorosho inayougua zikamiminika kutoka dunia nzima! Watu wakasema katibu ndiye huyu. Nikawaambia mimi nilifanya hayo mwaka 1994, bila umeme. Hakuna aliyeuliza nilifanyaje. Wivu? Mimi? Kifua kinabana kwa sababu ya muhogo.

Jumanne, 4 Juni
Nimechapa barua isiyo na jina. Eti ubwiri unga aliuleta Helder kutoka ng'ambo ya Ruvuma, ndani ya mfuko wa suruali. Barua tamu! Nimeihifadhi kwenye kompyuta yangu, nitaichapisha mambo yakiwa magumu.

Jumatano, 5 Juni
Ushindi! Helder alipotoka kufukuza mbuzi, nikainakili ile folda yake kwenye flashi. Mtandao mzima umeingia kabla sijapepesa jicho. Mke wangu Mwanaidi kauliza kama tununue bando. Bando la nini, mama, na mtandao ninao mfukoni?

Ijumaa, 7 Juni
Baada ya swala, uchaguzi. Nikaweka kompyuta yangu mbele ya wanachama arobaini, nikachomeka flashi, nikafungua ile folda. Nikaandika "ubwiri unga". Ikatafuta, ikatafuta... ikaleta kitu kimoja. Barua yangu! Tatu akaisoma kwa sauti, taratibu, mpaka kwenye suruali. Akaniuliza, kaka, mfuko wa kushoto au wa kulia? Watu hoi. Helder akaeleza kwa upole kwamba folda ile ni mlango tu, picha ziko mtandaoni. Bila bando inapekua vya humo humo ndani ya kompyuta. Upole wake ndio ulioniuma zaidi. Kura: Helder thelathini na tisa, mimi moja. Hata Mwanaidi!

Jumamosi, 8 Juni
Nimetafakari. Mlango gani unaoingia mfukoni? Shemeji mwongo. Kosa ni la flashi: GB nane! Dunia nzima ingekaaje humo? Mwakani tunachagua mwenyekiti. Jumatatu naenda Mtwara mjini kununua ya thelathini na mbili.