Nyumba ya Tarishi

Jumatatu, 3 Machi

Nimempata! Chura. Yuko ndani ya ndoo ya deki, ananitazama kama mkaguzi wa shule. Nilimkuta nyuma ya bomba la uani, ametulia kwenye tope kama mtu aliyekuwa akinisubiri. Nimempa jina Tarishi, kwa sababu ana ujumbe wa kupeleka.

Ujumbe wenyewe ni huu. Baba anaendesha shindilia, lile gari zito lenye gurudumu la chuma linalobana udongo wa barabara mpya. Mbali sana. Siku aliyoondoka alinishika kichwa akasema, "Usilie, mama. Vyura wakianza kuimba, jua niko njiani." Maana mvua ikinyesha udongo haushindiliki, kazi inasimama, watu wanarudi makwao.

Hapa hakuna hata wingu. Lakini Baba hakusema mvua. Alisema vyura.

Dada yangu (kimoyomoyo namwita Hakimu, kwa sababu kila jambo hulitolea hukumu) alichungulia ndoo akasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nikamjibu kwamba Baba si ng'ombe. Akasema sina adabu. Mimi!

Jumanne, 4 Machi

Chura hawezi kuimba ndani ya ndoo ya deki. Nani angeimba humo? Leo nimejenga. Nimechukua karai la kufulia, lile lenye kutu ukingoni. Upande mmoja kokoto, upande wa pili udongo na majani. Kigae cha chungu cha kujifichia. Juu kipande cha chandarua, kimebanwa kwa mpira wa kiunoni kutoka kwenye kikapu cha Mama. Mama ni fundi cherehani. Hawezi kupungukiwa kwa mpira mmoja.

Mwalimu wa sayansi amenieleza kwamba chura hunywa kwa ngozi, na dawa iliyomo kwenye maji ya bomba humuumiza. Maji yakae kwanza kwenye chombo wazi siku nzima. Nimeyaacha dirishani. Hakimu aliyaona, akayanywa.

Nimeweka mengine.

Jumatano, 5 Machi

Tarishi amehamia. Hajaimba. Labda anapanga maneno.

Nilimpa makombo ya mkate. Akayakanyaga. Mwalimu akasema chura hali kitu kisichotikisika. Nikatafuta nzi aliyekufa, nikamfunga uzi, nikamchezesha mbele ya pua ya Tarishi hadi mkono ukafa ganzi. Hatimaye akadaka! Akadaka na uzi. Tukavutana. Mwisho akautema, nzi akabaki, akanipa mgongo.

Baba alipiga simu jioni. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mkwaruzo, kama mtu anasugua bati. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni mtandao. Akauliza ninafanya nini siku hizi. Nikasema ninajenga. Akacheka, akasema kweli mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilitaka kumweleza zaidi, simu ikakatika.

Shati lake la kazi bado linaning'inia nyuma ya mlango. Mama hulifua kila wiki, ingawa hakuna anayelivaa. Leo alikuwa analitafuta karai.

Ijumaa, 7 Machi

Msiba.

Nilifikiri hivi: Tarishi haimbi kwa sababu hajanyeshewa. Basi nimnyeshee mimi! Nilitoboa kopo matundu kwa msumari. Hiyo mvua. Sinia na mwiko, radi. Tochi ya Hakimu, umeme. Karai nililificha chini ya meza ya cherehani, kwenye kivuli. Sikuwa na habari kwamba bibi harusi anakuja kupimwa gauni leo.

Alikuwa amesimama juu ya kigoda, mikono ameinua, Mama ana pini mdomoni. Nami chini ya meza, taratibu, nikafungua chandarua, nikamwaga mvua, nikapiga radi moja tu.

Tarishi akaruka. Akatua kifuani pa gauni, kwenye shanga.

Kati yao wawili, aliyeimba ni bibi harusi.

Hukumu ikatolewa, na safari hii na Mama mwenyewe. Chura arudi alikotoka. Mpira wangu uko wapi? Na karai je? Na hii akili nimeitoa wapi? Swali la mwisho nilidhani ni la kujibiwa. Nikamweleza maneno ya Baba.

Mama akafumua mshono ambao haukuwa na kosa. Hakimu naye akaanza kuokota pini sakafuni bila kuamriwa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Baadaye Mama akasema karai limeshaota kutu, nilichukue, ila nisilirudishe ndani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechimba shimo nyuma ya bomba na kulifukia karai hadi ukingoni. Kokoto, majani, kigae. Mwalimu amesema makao mazuri ni yale ambayo chura anaweza kutoka akitaka. Kwa hiyo sikuweka chandarua. Roho iliniuma.

Tarishi aliingia. Kisha akatoka. Nilikaa hapo hadi Mama akaniita mara ya tatu, kwa jina langu lote.

Jumapili, 9 Machi

Mvua!! Ya kweli! Na kabla hatujamaliza chakula cha jioni, kutoka nyuma ya bomba: krro. Krro. Tarishi amerudi! Anaimba ndani ya karai!

Mama akampigia Baba, akanipa simu. Hakimu akanipokonya, nikadhani ni uchokozi, kumbe anakimbilia uani. Akainama juu ya karai, ameikinga simu kwa mwavuli, yeye mwenyewe analowa. Nikapiga kelele, "Baba, unasikia? Wanaimba!"

Kabla Baba hajajibu, nikausikia tena ule mkwaruzo. Safari hii niliutambua.

Akasema ndiyo, mama, hata huko wanaimba, siku nyingi sasa. Yeye na wenzake wamehamishiwa kwenye daraja, na kazi ya daraja haisimami kwa mvua. Akasema alikosa mdomo wa kuniambia. Kisha akaomba tusikate. Tuiache simu hapo hapo kidogo.

Tukaiacha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, kama tunavyofundishwa, na jibu liko wazi. Kosa si la Baba. Wala si la daraja. Vyura wa huko hawamjui, wanamwimbia kila mtu ovyo. Na Tarishi wetu yuko peke yake. Sauti ya mmoja itafika wapi?

Anahitajika wa pili. Mwenye koo pana.

Nimemwomba Mama beseni. Hakuuliza la nini. Ameniambia tu nisiguse mipira yake, akaendelea kufua shati la Baba kwenye ndoo ya deki.

Hakimu amesema huu ni ujinga mtupu. Kisha akauliza nani atashika tochi.