Ombi la Karatasi ya Leza Kurekebishwa Ilingane na Tafsiri Yangu

Kwa Daktari wa Ngozi,
Kliniki iliyo juu ya duka la miwani.

Mheshimiwa Daktari,

Naanza kwa kukiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mto wangu. Ile karatasi ya Kiingereza uliyompa mama, ya mambo ya kujua kabla ya tiba ya leza kwa madoa, makovu na nywele za usoni, niliitafsiri kwa uongo. Si yote. Ukweli ulifika kama asilimia sitini, ambayo shuleni kwetu si alama ya kufeli.

Siandiki kuomba radhi. Naandika kuomba karatasi ibadilishwe. Wewe una kompyuta na mashine ya kuchapa, mimi nina mama mmoja. Karatasi ndiyo rahisi kubadilisha.

Mama ni fundi cherehani. Kiswahili anasoma mpaka herufi ndogo za chini ya tangazo, ila Kiingereza chake kinaishia kwenye lebo za nguo. Siku ile ulikuwa na foleni. Ukamwambia, "Mama, kasome nyumbani, ukiridhika utie sahihi," ukaita mwingine. Mama akanigeukia mimi. Nyumbani alikuwa amesema tu, "Kuna kitu nataka kukitoa usoni," na sikuuliza ni kitu gani, kwa sababu nakijua.

Mama ana baka jeusi shavu la kushoto, ukubwa wa kifungo cha shati. Mimi ninalo hilohilo, shavu lilelile. Shuleni naitwa Kifungo. Siku ya kwanza kuitwa hivyo nilikwenda kulia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Mama akainama, tepu ikining'inia shingoni, akasema, "Wakikucheka, waambie waje wamcheke aliyekushona." Nimeishi kwa maneno hayo miaka minne. Sasa aliyenishona anataka kufumua upande wake.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Karatasi yenu inataka mgonjwa akae mbali na jua wiki nne kabla ya tiba. Ni kidogo mno. Nilisoma "miezi mitatu" nikitarajia mama atachoka. Hakuchoka. Alipiga simu kuahirisha tarehe, akajishonea kofia ambayo mlangoni inapita kwa ubavu, na glavu za kufika viwikoni. Mteja mmoja alimuuliza, "Fundi, siku hizi unafuga nyuki?" Miezi hiyo inaisha Alhamisi hii. Naomba muandike mwaka mzima.

2. Karatasi inamtaka mgonjwa aache krimu za kung'arisha ngozi. Hapo nilisoma vizuri, ila nikaongeza "na kutabasamu". Mama ametii. Baba, ambaye hakuelezwa chochote, tangu wiki ya pili anaosha vyombo bila kuambiwa, na amekwisha kukiri makosa mawili ambayo hakuna aliyekuwa anayajua. Kwa faida hizo, naomba kipengele hiki kiingizwe mara moja.

3. Ukweli wenu hautishi. Nilimsomea bila kupunguza neno kwamba ngozi nyeusi inaweza kubaki na doa jeusi zaidi, au jeupe, kwa hiyo ijaribiwe kwanza sehemu ndogo na kusubiriwa. Nikamuuliza habari za makovu yanayovimba, malengelenge ya mdomoni, dawa anazomeza, na mimba. Nilitetemesha sauti kwa makusudi. Mama akawa anatia uzi kwenye sindano huku anajibu, "Sina. Sina. Namezea presha tu, daktari anajua. Na hiyo ya mwisho, Mungu apishe mbali." Mnaandikaje hatari ambazo mtu anazipokea kama orodha ya sokoni?

4. Kwa hiyo, aliponitaka nimsomee tena kama wiki tatu zilizopita, nilitunga kipengele kizima: "Mgonjwa asitibiwe bila kibali cha maandishi cha mtu wa nyumbani anayefanana naye uso." Nilikisoma bila kupepesa. Mama alinitazama usoni kwa muda, akasema, "Kweli, haya mambo hurithiwa. Madaktari hawa wanafikiria mbali." Kesho yake akaniletea kibali, amekipigia mistari kwa chaki ya kushonea. Nikamwambia nafikiria. Nafikiria siku ya kumi na tisa leo. Kila asubuhi ananiuliza, "Bado tu, mheshimiwa?" Mimi darasani huwa naona aibu kuomba ruhusa ya kwenda msalani, leo nimeshika uso wa mtu mzima. Naomba kipengele hiki kiwe sheria, na kisiishie kliniki kwenu. Mtu asibadilishe sura bila kura ya waliomrithi.

5. Dada wa mapokezi alinitazama shavu akauliza, "Na huyu binti tumwandikie siku?" Mama akajibu, "Huyu hana cha kutolewa." Daktari, langu na lake ni moja. Kama langu si la kutolewa, lake limekosa nini? Hili sikuwa na nia ya kuliandika, lakini likiondoka lake, langu halitakuwa tena la mama. Litabaki doa tu.

Nasikia kandambili zake zinakuja. Siku nyingine barua hii ingekuwa tayari chini ya daftari la jiografia. Najua ana kibali mkononi na kalamu sikioni. Nimechoka kuficha. Naiacha hapa mezani, maandishi juu.

Nisalimie dada wa mapokezi, sina kinyongo naye. Nisalimie mlinzi anayewafungulia mlango hata wanaopita tu, na wagonjwa wote wa foleni ile, pole zao.

Mtiifu wako katika mengine yote,
Kifungo, mtafsiri.

Tanbihi: Mama ameisoma yote, amesimama. Kisha ameketi kitandani, akacheka mpaka baba akaja kuchungulia, akafukuzwa. Akafunga mlango. "Nani kakwambia baka? Ni ndevu, mwanangu! Ndevu!" Akainua kidevu kwenye taa, akanionyesha vitundu vyake. Huota nywele saba, nyeusi, nene kama uzi wa kushonea viatu, ambazo hung'oa kila Jumamosi akiwa amejifungia bafuni. Alikuwa anaona aibu kuniambia.

Kwa hiyo naomba msibadilishe neno hata moja. Kibali nimekitia sahihi. Tatizo ni ukurasa wa pili, wa nywele, ambao niliuruka kwa kuwa haukutuhusu. Unasema zising'olewe wiki kadhaa kabla, zinyolewe tu kwa wembe, kwa sababu mwanga hufuata mzizi. Mama alizing'oa zote juzi. Alhamisi hamtakuta kitu, tunaomba tarehe nyingine.

Ukurasa huohuo unasema baka lililo karibu hufunikwa kabla mashine haijawashwa. Hapo nimetafsiri neno kwa neno. Mama anataka niwaandikie kwamba hilo mlifunike vizuri, lina wenyewe wawili.